Hotuba, papo kwa papo, mdahalo au maonesho ya ujuzi: shule ya Tanga ichague shindano lipi ili kuwaandaa vijana kwa kazi?

Kila mwaka walimu wenzangu wanaosimamia klabu za wanafunzi hapa Tanga huniuliza iwapo shindano la mwaka huo liwe la hotuba au la mdahalo, na mara nyingi huuliza wakiwa wamekwisha kukodi vipaza sauti na kusambaza barua za mwaliko. Swali ni la maana, lakini linakuja limechelewa, kwa sababu aina ya shindano ndiyo inayoamua ni wanafunzi gani watakaosimama, watajifunza nini wakati wa maandalizi, na ni kitu gani hasa majaji watakipa alama. Kama nia ni kuipamba siku ya mahafali, aina yoyote itafaa. Kama nia ni kumwandaa kijana ili aingie ofisini, karakana, bandarini au katika biashara yake mwenyewe akiwa anajua kujieleza, basi aina hizi hazifanani, na nimeona nizilinganishe kwa uzito unaostahili.

Nitazungumzia aina nne: hotuba ya kuandaa, hotuba ya papo kwa papo, mdahalo, na maonesho ya ujuzi yanayoambatana na maelezo. Usaili wa majaribio nitaugusa kwa ufupi. Ngonjera na mashairi, ambayo nayapenda sana na ambayo mji huu una haki ya kujivunia, kwa kuwa Shaaban Robert alizaliwa karibu na hapa mwaka 1909, yana kazi yake nyingine, na si haki kuyapima kwa kipimo hiki.

Kwanza tukubaliane kuhusu maana ya utayari wa kazi. Nchini Marekani, chama kinachounganisha vyuo na waajiri, NACE, kimeugawa utayari huo katika stadi 8: kujiendeleza kikazi, mawasiliano, fikra tunduizi, usawa na ujumuishi, uongozi, weledi, kufanya kazi kwa pamoja, na matumizi ya teknolojia. Mawasiliano ni stadi moja tu kati ya hizo, kwa hiyo shindano linalopima sauti, mkao na matamshi peke yake limeacha sehemu kubwa ya jambo lenyewe nje ya ukumbi. Hapa kwetu, mwombaji wa ajira serikalini hupitia usaili wa mchujo, kisha, kwa kada zinazohitaji hivyo, usaili wa vitendo, na mwishowe usaili wa mahojiano. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayomtaka msailiwa atoe hotuba aliyoikariri. Mwenye gereji naye haulizi hotuba. Humuuliza kijana anajua kufanya nini, na jibu la kwanza likimridhisha, huleta swali la pili ambalo kijana hakulitarajia.

Kutokana na hayo nimejiwekea kipimo kimoja ambacho nitakitumia hadi mwisho: je, shindano hili linamfikisha mwanafunzi mbele ya swali asilolitarajia, kuhusu jambo analolijua kweli?

Hotuba ya kuandaa

Hii ndiyo inayopendwa zaidi, na sababu zake zinaeleweka. Mada hutangazwa mapema, mwanafunzi huandika, mwalimu husahihisha, na siku ikifika wageni husikia Kiswahili au Kiingereza kilichonyooka. Ina faida za kweli, kwani mwanafunzi aliyeandika hotuba yake mwenyewe amejifunza kupanga mawazo, kutafuta taarifa na kuheshimu muda, na hizo ni tabia ambazo mwajiri yeyote angezitaka. SkillsUSA, jumuiya ya wanafunzi wa ufundi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1965, huwapa washiriki wa aina hii dakika 5 hadi 7, na kiasi hicho naona kinatosha kabisa kwa kidato cha tatu na cha nne.

Tatizo liko kwenye lile neno "kusahihisha". Nimekaa kwenye meza ya majaji mara nyingi, na ninakiri kwa majuto kwamba nimewahi kumpa alama za juu kabisa mwanafunzi ambaye hotuba yake, kama nilivyokuja kujua baadaye, iliandikwa na mwalimu kuanzia salamu hadi shukrani. Miezi michache baada ya hapo kijana huyo aliomba nafasi ya mafunzo kazini, akaulizwa kwa nini anaipenda kazi hiyo, na akashindwa kuunganisha sentensi mbili. Sisi majaji ndio tuliomwambia kwamba yuko tayari.

Kuna siku nyingine ambayo sitaisahau. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alizungumzia fursa za ajira katika zao la mkonge. Alianza vizuri, akataja kwamba zao hilo liliingizwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, akataja jani, akataja kamba na mazulia, kisha katika aya ya tatu maneno yakamtoka. Alisimama akitazama juu, kwenye boriti za bwalo, midomo ikitafuta neno la kuanzia, na vidole vyake vikikunja na kukunjua pindo la sketi. Mtunza muda aligonga kengele. Jaji mmoja, mama mtu mzima, hakumruhusu aende kukaa, bali alimuuliza kwa upole kama nyumbani kwao kuna mtu aliyewahi kufanya kazi ya mkonge. Msichana akasema bibi yake. Akaulizwa bibi alifanya nini. Hapo akaeleza, bila kutazama boriti tena, jinsi singa, yaani nyuzi za mkonge, zinavyotoka korona, mashine ya kukamua majani, zikiwa mbichi na zinanuka, jinsi bibi na wenzake walivyozianika juani kwenye nyaya, na kwa nini singa iliyonyeshewa hubadilika rangi na kushushwa daraja. Yalikuwa maelezo ya dakika moja na nusu, na yalikuwa bora kuliko hotuba zote za siku ile. Nilitazama karatasi ya alama nikaona haina mahali pa kuyaandika, kwa kuwa alama zote zilikuwa za hotuba na muda wa hotuba ulikuwa umekwisha.

Kwa hiyo siwashauri walimu waiache hotuba ya kuandaa. Nawashauri wasiifanye bila maswali. Jumuiya ya wanafunzi wa kilimo ya Marekani, FFA, iliyoanzishwa mwaka 1928, humpa mshiriki dakika 6 hadi 8 za hotuba, kisha majaji humuuliza maswali kwa dakika 5, na majibu hayo yana alama zake. Kifungu hicho kimoja hubadilisha maandalizi yote, kwa maana mwanafunzi anayejua kwamba ataulizwa hawezi kukubali kuandikiwa maneno asiyoyaelewa, na mwalimu anayelijua hilo hatathubutu kumwandikia.

Hotuba ya papo kwa papo

Hapa mwanafunzi huchota karatasi, husoma swali, na huanza kuzungumza baada ya muda mfupi au papo hapo. Klabu za Toastmasters, zilizoanza California mwaka 1924, zina kipindi cha namna hii ambacho kila mzungumzaji hupewa dakika 1 hadi 2 bila maandalizi yoyote. SkillsUSA huwapa washiriki wake dakika 5 za kujiandaa na dakika 3 hadi 5 za kuzungumza. Tofauti hiyo si ndogo. Dakika moja bila maandalizi hupima utulivu wa moyo, ilhali dakika tatu baada ya kujiandaa hupima uwezo wa kupanga hoja haraka, na kwa mwanafunzi anayeanza ningependekeza ile ya pili, kwa kuwa inampa nafasi ya kuvuta pumzi na kuandika vichwa vitatu vya mazungumzo.

Kwa kipimo nilichokitaja, aina hii inafaulu nusu ya kwanza kwa urahisi, kwa maana kila swali ni la kushtukiza. Nusu ya pili inategemea ubora wa maswali. Swali la "Elimu ni ufunguo wa maisha, jadili" humwalika mwanafunzi arudie maneno aliyoyasikia mstarini tangu darasa la tatu. Swali la "Mteja amerudisha bidhaa akisema umemuuzia mbovu, na wewe unajua si mbovu, utamwambia nini?" humlazimisha afikiri kama mtu aliyeko kazini, na kila mtoto wa mtaa wetu wa Ngamiani aliyewahi kukaa dukani kwa mjomba wake ana la kusema kuhusu hilo. Watunga maswali wakijitahidi, aina hii huwainua wanafunzi ambao hotuba ya kuandaa huwaficha, wale wasio na mwalimu wa kuwaandikia wala mzazi wa kuwasikiliza wakirudia usiku.

Udhaifu wake ni kwamba haifundishi utafiti, na kijana mwenye ulimi mwepesi anaweza kushinda kwa maneno mazuri yasiyo na kitu ndani. Majaji wanapaswa kuambiwa mapema kwamba mfano mmoja halisi una thamani kuliko methali tano.

Mdahalo

Mdahalo nauheshimu, na kwa fani za sheria, uongozi na uandishi wa habari sioni shule nyingine inayoufikia. Mwanafunzi hujifunza kusikiliza kabla ya kujibu, jambo ambalo hotuba haimfundishi kabisa, na hujifunza kushindwa kwa heshima mbele ya watu. Hujifunza pia kutetea upande asiouamini, na hilo humsaidia baadaye kumwelewa mteja au mkubwa wake wa kazi asiyekubaliana naye.

Hata hivyo, kwa lengo la utayari wa kazi, mdahalo una mipaka miwili. Wa kwanza ni mada. Tukiendelea kuwauliza vijana kama maisha ya mjini ni bora kuliko ya kijijini, watatoa hoja zile zile ambazo baba zao walizitoa. Mada inayowakaribisha kazini ni ile inayohitaji ukweli wa kazi yenyewe, mfano, kama mkonge wa Tanga uuzwe nje ukiwa singa au usubiri hadi uwe kamba na mazulia, mada ambayo haiwezekani kuijadili bila kuuliza gharama za viwanda, soko, na hata mabaki, kwa kuwa singa ni karibu asilimia 4 tu ya uzito wa jani na kinachobaki ni majimaji na makapi. Mada nyingine iko mbele ya macho yetu: bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, hapa Tanga, na ni halali kabisa wanafunzi wajadili kama kijana wa Tanga ajifunze ufundi unaohitajika wakati wa ujenzi au ule utakaohitajika baada ya ujenzi kukamilika.

Mpaka wa pili ni hesabu. Katika mtindo wa mdahalo wa shule unaotumika kwenye mashindano ya dunia, kila upande una wazungumzaji watatu wa dakika 8 kila mmoja, kisha kila upande hutoa hotuba ya majumuisho ya dakika 4. Jumla ni dakika 56 kwa wanafunzi 6. Wengine wote wamekaa. Shule yenye wanafunzi 40 wanaotaka kuzungumza haiwezi kuwafikia kwa njia hii katika alasiri moja, ilhali papo kwa papo ya dakika 2 huwafikisha wote 40 ndani ya dakika 80, pamoja na muda kidogo wa kuitana na kupeana nafasi. Hotuba za dakika 7 kwa idadi hiyo hiyo zingechukua dakika 280 hata kabla ya maswali, na ninajua mwalimu wa zamu angesema nini.

Maonesho ya ujuzi

Hii ndiyo aina ninayoitetea zaidi, na inasikitisha kwamba ndiyo inayofanyika kwa nadra. Mwanafunzi husimama mbele ya watu akiwa na kazi mkononi, huifanya, na huieleza wakati anaifanya. SkillsUSA huiendesha kama shindano linalojitegemea kwa dakika 5 hadi 7. Nguvu yake iko katika jambo lililo rahisi: mtu anayeeleza kitu anachokijua, huku mikono yake ina kazi, husahau kuogopa.

Nilimwona mvulana mmoja wa karakana ya umeme ambaye hakuwahi kuchaguliwa kuzungumza hata mstarini. Alikuja na plagi ya pini tatu, kipande cha kebo na bisibisi. Akaifungua plagi, akaiinua ili waliokaa nyuma waione, kisha akasema, "Waya wa kahawia ndio wa moto, na huu unakwenda upande wa fyuzi. Wa buluu ni nyutro. Huu wa kijani na njano ni wa ardhini, na mimi huuacha mrefu kidogo kuliko wenzake." Jaji akamuuliza kwa nini. Kijana hakufikiri hata kidogo: "Kwa sababu mtu akivuta kebo kwa nguvu, nataka wa ardhini uwe wa mwisho kung'oka." Ukumbi ulinyamaza. Katika sentensi hiyo moja alikuwa ameonesha ujuzi, usalama, kumjali mtu atakayetumia kifaa, na uwezo wa kujibu swali lisilotarajiwa, na alikuwa amefanya hivyo bila kukariri chochote.

Umuhimu wa aina hii umeongezeka, kwa kuwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeweka mikondo miwili ya sekondari, wa elimu ya jumla na wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi, na wanafunzi wa mkondo wa amali wakibaki bila jukwaa lao, mashindano ya uzungumzaji yataendelea kuwa mali ya wenzao wa sanaa. Lakini isidhaniwe kwamba ni ya mafundi tu. Msichana anayeweza kuandaa hesabu za duka kwenye kompyuta anaweza kuzionesha. Mtoto wa mvuvi anayefika soko la samaki la Deep Sea alfajiri anajua kushona wavu uliochanika, na akieleza kwa nini fundo hili halifunguki likiingia maji, amefanya kile ambacho msimamizi wa kazi humtaka afanye anapomfundisha mgeni.

Gharama zake nisizifiche. Linahitaji vifaa, meza, na muda wa kupanga na kupangua, kiasi kwamba mshiriki mmoja huchukua karibu dakika 15 ukijumlisha maswali, na kwa saa mbili mtawasikiliza wanane tu. Linahitaji majaji wanaoijua kazi yenyewe. Jaji asiyejua umeme angempa kijana yule alama za sauti na kuacha jibu lake lipite. Tena linahitaji uangalifu wa usalama, ambapo hakuna kuwasha umeme, gesi wala mashine inayozunguka mbele ya hadhira bila mwalimu wa fani hiyo kusimama karibu. Hapa Tanga majaji si shida kuwapata, kwa kuwa mji una bandari, karakana na chuo cha ufundi stadi cha VETA, na fundi akiombwa kwa heshima na kutumiwa barua mapema, mara nyingi huja.

Usaili wa majaribio ni ndugu wa aina hii. SkillsUSA huufanya kwa sehemu tatu: kujaza fomu ya maombi, mahojiano ya awali na mtu wa mapokezi, kisha mahojiano ya kina. Nashauri ufanyike darasani, si ukumbini, kwa sababu hadhira humfanya msailiwa azungumze na watu badala ya kuzungumza na anayemsaili.

Kuhusu lugha

Walimu wengi hupanga mashindano yote kwa Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia sekondari, na matokeo yake mwanafunzi hutumia nguvu zake zote kukwepa makosa ya sarufi na kukosa nguvu ya kufikiri. Sipingi Kiingereza, kijana atakayefanya kazi na meli za nje au wageni wa hoteli anakihitaji. Ninachopinga ni kukipima mahali ambapo tulisema tunapima jambo lingine. Kwa maoni yangu hotuba ya kuandaa inaweza kuwa ya Kiingereza, kwa sababu ina muda wa kusahihishwa, lakini papo kwa papo na maonesho ya ujuzi mwanafunzi aachiwe achague, na akichanganya neno la Kiingereza ambalo mafundi wenyewe hulitumia, asipunguziwe alama.

Basi uchague lipi

Kama shule yako ina wanafunzi wengi, fedha kidogo na haijawahi kufanya shindano lolote, anza na papo kwa papo, tena kila wiki badala ya mara moja kwa mwaka. Kama ina karakana au mkondo wa amali, weka maonesho ya ujuzi kuwa tukio kuu na hotuba ziwe za kusindikiza. Mdahalo uendelee katika klabu yenye wanafunzi wachache wanaoupenda kweli, wenye maktaba na mwalimu mwenye subira. Hotuba ya kuandaa ibaki kwa mahafali na siku za wazazi, ila dakika 3 za maswali ziongezwe na zipewe angalau robo ya alama zote, na hilo liandikwe kwenye tangazo la kwanza kabisa ili asiwepo wa kulalamika. Siku iwe Jumamosi asubuhi, kwa kuwa Ijumaa alasiri hubanwa na sala kwa upande mmoja na usafiri wa wanaokaa mbali kwa upande mwingine, na katika mwezi wa Ramadhani ni bora kuahirisha kuliko kuwasimamisha watoto wenye swaumu juani wakisubiri zamu.

Kwa anayetaka kuanza wiki ijayo, kopo moja, saa ya mkononi na vikaratasi 30 vya maswali vinatosha. Maswali hayo yatungwe na wanafunzi wenyewe, kila mmoja akamuulize mtu mmoja wa mtaani kwao anayefanya kazi, awe fundi, muuguzi, mpishi, dereva au karani, aliulizwa nini siku ya kwanza alipokwenda kuomba kazi hiyo, kisha aliandike swali kama alivyoambiwa na kulitumbukiza koponi.